Mikono Mizima

Mei 16, Alhamisi

Daftari hili nimepewa leo chelezoni Bangwe, panapotengenezwa meli, pamoja na miwani, glavu, viziba masikio na maneno mengi. Kila aliyeandikwa kazi kapewa la kwake. Tunatakiwa kila jioni tuandike vitu vitatu: tarehe, saa tulizoshika nyundo ya upepo, na hali ya mikono. Kila Jumamosi msimamizi wa usalama atapita kutia saini.

Mbele nimeandika kama alivyotaka: "Mei 16. Saa mbili. Mikono mizima." Kisha nikaona kurasa nyeupe zilizobaki ni nyingi mno kuachiwa maneno machache namna hiyo, nikageuza daftari juu chini na kuanza huku nyuma. Mbele ni kwake, nyuma ni kwangu. Nimekuwa katibu wa wavuvi wa mwalo wetu, tunapoegesha mitumbwi, miaka sita, na kuandika kumeniingia kama ugoro ulivyowaingia wengine.

Ziwa limefungwa jana. Miezi mitatu, mpaka Agosti 15, samaki wazaliane. Sibishi, dagaa wamepungua hata mtoto analijua hilo. Lakini kukaa nyumbani miezi mitatu na mke anayekuona kila saa si mchezo, na watoto lazima wale. Kipe chetu kimevutwa nchi kavu pamoja na vingine vyote. Kwa asiyejua, kipe ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, taa juu, wavu katikati. Mimi ndiye mtu wa kamba. Wavu ukiwa chini gizani, vidole vyangu ndivyo vinavyosema kama dagaa wameingia au bado. Oswald, nahodha wetu, huwaambia watu kwamba Vedasto ana macho kumi.

Kazi ya hapa ni kukwangua kutu kwenye tishari kuukuu la kubebea mizigo lililopandishwa chelezoni. Kutu yenyewe iko ndani ya matangi. Unaingia kwa tundu lenye upana wa mabega, unapiga magoti, kusimama hakuna. Nje kompresa inanguruma, mpira mnene wa upepo unapita tunduni, na mwisho wa mpira ndipo ilipo nyundo.

Msimamizi anaitwa Clementina, katoka Njombe, kwa umri angekuwa mdogo wangu wa mwisho. Tunamwita Madam. Aliuliza nani amewahi kushika nyundo ya upepo. Nikainua mkono peke yangu. Nilipasua mawe barabara ya Kasulu mwaka mmoja na nusu.

"Na vidole vilikuwaje?" akauliza.

Nikasema vizima. Kweli yote sikuisema. Miezi ya mwisho vilikuwa vinawaka kama vimeumwa na siafu, ila viliacha vyenyewe niliporudi ziwani. Mtu haombi kazi kwa kutaja magonjwa. Nimepewa uongozi wa tangi namba tatu, mimi na shemeji yangu Elikana, mdogo wa mke wangu.

Mei 18, Jumamosi

Saa tatu na nusu. Saini imetiwa. Vumbi la kutu lina ladha ya msumari.

Mei 21, Jumanne

Leo nimebishana na Madam mbele za watu. Alichungulia tunduni akaniona napiga kazi, akanitoa nje.

"Mzee Vedasto, unaikaba hiyo nyundo. Ilegeze. Ina uzito wake, wewe iongoze tu. Ukiikaba, mtetemo wote unaingia mwilini mwako."

Nikamwambia, "Madam, sisi huku tumefundishwa na kamba. Ukilegeza kamba ziwani, wavu unakwenda na wewe unaufuata."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alivaa miwani, akapiga magoti, akashika nyundo kama mtu anayeshika kifaranga, na kutu ikadondoka mapande mapande. Elikana akaninong'oneza, "Shemeji, huyu anaweza." Nikamjibu kwamba kwa dakika tano kila mtu anaweza.

Ana sheria nyingi. Dakika ishirini za nyundo, kisha unampa mwenzako. Usiuguse mpira kabla koki haijafungwa na upepo wote kuisha ndani. Kila kiungo cha mpira kiwe na pini yake ya chuma. Na amekataza kujipuliza vumbi kwa upepo wa kompresa, eti unaweza kuingia mwilini kwa kidonda kidogo tu. Samson, anayekaa nje kuangalia koki, alikuwa anajipuliza hadi kwapani. Amenuna mpaka saa ya kutoka.

Nilirudi tangini nikaikaba kama kawaida. Wote tunaikaba, kila mvuvi aliyemo humu. Elikana huchoka upesi, basi zamu yake pia naimaliza mimi.

Mei 29, Jumatano

Saa nne. Hakuna jipya.

Juni 3, Jumatatu

Siafu wamerudi. Walianza njiani nikirudi nyumbani, kidole cha shahada na cha kati, mikono yote miwili. Nilitikisa mikono njia nzima mpaka jirani akadhani namwita.

Mbele nimeandika: "Saa tano. Mikono mizima."

Akijua, atanitoa kwenye nyundo. Si kwa ubaya, alishatuambia siku ya kwanza: mwenye ganzi haingii tangini, anakwenda hospitali kupimwa. Na nje ya nyundo kazi hakuna, nafasi za nje zimejaa. Nikikaa, vidole vinaliwa. Nikitoka, nyumba inalala njaa. Nimejipigia hesabu hiyo mara nyingi na jibu ni lile lile: nimebanwa.

Juni 8, Jumamosi

Siku ya saini. Nilipompa daftari nilikaza kidole gumba kwenye jalada la nyuma, lisigeuke. Alisoma mbele, mistari yote. "Mikono mizima, mikono mizima," akasema. "Wewe una bahati, Mzee Vedasto. Wenzako wanalalamika."

Nikasema wenzangu ni vijana. Akatia saini. Kidole gumba kiliuma nilivyokaza.

Juni 12, Jumatano

Kikombe kimeniponyoka asubuhi, chai yote kwenye mkeka. Kilikuwa mkononi, nilikiona mkononi, mara kikawa chini. Mke wangu Agnesi akafuta. Kisha akanijia kunifunga vifungo vya shati, maana nilikuwa navihangaikia tangu jogoo awike. Miaka kumi na tisa ya ndoa hajawahi kunifunga kifungo. Hakuuliza, nami sikueleza.

Juni 17, Jumatatu

Idd. Hatukufanya kazi jana wala leo. Tumekula pilau kwa jirani, na vidole vimetulia, nimeweza hata kuchambua miba ya samaki mkavu wa mgebuka. Basi ni uchovu tu. Nilikuwa najitia hofu bure.

Juni 18, Jumanne

Saa tano na nusu. Si uchovu.

Juni 25, Jumanne

Madam ameitwa Dodoma kwa semina, siku nne. Na leo pini zimekwisha.

Niieleze pini. Mipira miwili ikiunganishwa, vichwa vya chuma vinaingiana, na pini inapita katikati kuvizuia visiachane upepo ukija. Ni kitu kidogo kuliko kidole. Zetu zimeanguka moja moja matangini, na matangini kitu kikianguka ndiyo kwaheri. Leo ya mwisho imepotea. Mzee Castory, mtunza stoo, aliandika barua tatu Dar kuomba nyingine. Nilikuwa namwona bahili, mtu anayetoa glavu kama anatoa jino. Leo alisimama mlangoni pa stoo na funguo mkononi.

"Mpira usio na pini hautoki hapa."

Watu kumi na sita wamesimama, kompresa imezimwa, msimamizi wa mradi analalamika kwenye simu kwamba tishari lazima lishuke majini kabla ziwa halijafunguliwa. Elikana ndiye aliyesema. "Shemeji, si ufunge na uzi wa nyavu? Fundo lako."

Wote wakaitikia. Fundo langu linajulikana kuanzia Bangwe mpaka Kagunga. Nilijifunza kwa baba, linashika wavu wenye dagaa wa kujaza mtumbwi. Siri yake ni kwamba uzi wa nailoni unateleza, hivyo fundo unalikaza mpaka ulihisi limeuma na kujishika. Jicho haliwezi kukuambia. Likiuma, vidole vinajua.

Nikatoa uzi mfukoni, nikamfungia Mzee Castory kiungo kimoja pale pale, nikampa avute. Akavuta, akaweka mguu, akavuta tena. Mzee yule amekula dagaa wa kipe chetu tangu sijaoa.

"Haya," akasema. "Nakuamini wewe, Vedasto. Uzi siuamini."

Tumefanya kazi mpaka jioni. Viungo vimeshika.

Juni 29, Jumamosi

Madam amerudi. Viungo tumevivisha vipande vya mpira wa baiskeli, ukitazama huwezi kujua ndani kuna pini au uzi. Hakuna aliyepanga, tuliamka tu tukakuta kila mmoja amekuja na kipande chake. Mzee Castory alimwambia kwamba pini zimekwisha, akajibu kwamba atapiga simu Dar, na zilizoko kwenye mipira zitumike kwa uangalifu. Mzee alinitazama. Nikashughulika na glavu zangu.

Saini. Kidole gumba.

Julai 4, Alhamisi

Leo nimeogopa. Upepo wa kusini umeingia, asubuhi ziwa ni baridi. Nilinawa uso kabla ya kazi, na nilipoinua mikono vidole vinne vilikuwa vimepauka kama muhogo uliomenywa. Rangi yangu ilikuwa imetoka, vidole vya mtu mwingine. Nilivibana kwapani. Ikapita kama robo saa, ndipo damu ikarudi na maumivu yake, nikakaa juu ya jiwe mpaka yakaisha.

Mbele: "Saa nne na nusu. Mikono mizima." Nimeiandika mara nyingi mno sasa inajiandika.

Julai 9, Jumanne

Saa tano. Leo tena, vidole vitano.

Julai 12, Ijumaa

Sijaweza.

Julai 13, Jumamosi

Niandike kwa utaratibu. Kalamu nimeizungushia mpira, vinginevyo siihisi.

Jana asubuhi kulikuwa na baridi. Nilinawa, vidole vikapauka, na sikusubiri virudi kwa sababu nilikuwa nimechelewa. Nilichukua mipira miwili, nikaunganisha, nikapitisha uzi mara nne, nikafunga fundo langu. Nililitazama likanipendeza. Nikavuta nikaona limekaza. Kuona niliona. Kuhisi sikuhisi.

Tukaingia tangini, Elikana mbele, mimi nyuma yake. Kiungo kilikuwa nyuma yetu, kati yetu na tundu. Samson akafungua koki. Nilipiga zamu yangu, nikampa Elikana nyundo. Alipobonyeza tu, ukasikika mlio kama tairi la lori limepasuka, nyundo ikanyamaza, na mpira ukaanza.

Mpira ule ni mnene kama mkono wangu, kichwani una chuma. Upepo wote wa kompresa ulikuwa unatokea mdomoni mwake, nao unajitupa ukutani, juu, sakafuni, tena ukutani. Taa ikavunjika, kutu ikafumka. Tundu la kutokea lilikuwa upande wa pili wa ule mpira, naliona jua lake dogo, na kufika hakuna. Tulijikunja pembeni, magoti kifuani. Nikamwita Samson mpaka koo likapasuka, lakini Samson ana viziba masikio na kompresa iko ubavuni mwake. Nikagonga ukuta kwa nyundo. Humo ndani kila kitu kilikuwa kinagonga.

Elikana akanisogelea sikioni. "Shemeji, nakwenda kwa chini."

Nikamshika shati. Nilimshika kwa mikono yote miwili, na nikajua nimemshika. Kumbe alishachomoka. Nilikuwa nimefumba vidole juu ya kitu ambacho hakipo, na nilijua tu nilipomwona yuko mbali nami, anatambaa kwenye lile jua dogo.

Chuma kilimpata tayani. Kikarudi kikampata mkono. Kisha upepo ukaisha, maana Samson aliona mshale wa geji umeanguka akafunga koki. Mambo yote haya pengine ni dakika moja. Sijawahi kukaa mahali muda mrefu kama ule.

Wa kwanza kuingia alikuwa Madam. Aliingia kichwa mbele na nguo zake za ofisini, akamshika Elikana shingo isigeuke, akawa anamwambia, "Nipo, nipo hapa, pumua kwa pua." Damu ikammwagikia mapajani. Hakumwachia mpaka alipopakiwa kwenye gari la hospitali, ndipo akakaa chini pale pale.

Miwani ya Elikana imepasuka lakini jicho ni zima. Bila miwani lisingekuwepo. Taya limevunjika mahali pawili, mkono wa kushoto umevunjika, meno manne yamekwenda.

Kabla sijatoka tangini nilipapasa sakafuni nikaupata ule uzi. Haukukatika, ni mzima kama ulivyotoka dukani. Fundo ndilo lililoteleza na kujiachia. Nimeutia mfukoni, na hadi sasa uko mfukoni.

Julai 15, Jumatatu

Nimekwenda hospitali na Agnesi. Elikana amefungwa taya kwa waya, hasemi, anaandika kwenye karatasi. Akaniandikia: "Uzi ulikatika?"

Dada yake alikuwa pale, anampangusa mate. Nikatikisa kichwa kukubali.

Akaandika tena: "Si kosa lako shemeji."

Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la maji. Nilitamani mtu anitukane.

Julai 16, Jumanne

Kikao. Madam ameweka kile kiungo mezani, kipande cha mpira wa baiskeli pembeni yake. Akauliza kwa upole kabisa, "Nani alifunga hiki?"

Watu wote wakatazama viatu. Kwetu mwaloni mtu hamtaji mwenzake, hata wavu ukiibwa. Walikuwa wananilinda, na kila aliyenyamaza alinikaza zaidi. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nikaona kamba ya Oswald, nikaona watoto, nikaona Agnesi ameshika kitambaa cha mate, nikaufunga.

Bosi, yule msimamizi wa mradi, akasema kwenye simu, sauti imewekwa wote wasikie, kwamba mpira bila pini umetoka stoo, na stoo ina mwenyewe. Mzee Castory amesimamishwa kazi. Amebakiza miezi saba astaafu. Yeye anajua nani alifunga. Alisimama, akanitazama mara moja, akaziweka funguo mezani moja moja akitaja kila moja ni ya mlango gani, ili atakayekuja asihangaike. Kisha akatoka.

Pini zimefika jioni kwa basi. Mfuko mdogo, unaenea kiganjani.

Julai 17, Jumatano

Saa tatu. "Mikono mizima."

Julai 22, Jumatatu

Baada ya kazi nilikwenda Rusimbi kwa Mzee Castory. Alikuwa uani anapukuchua maharage.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa." Akaendelea kupukuchua. "Vedasto, umekuja kusema, au umekuja kunywa maji?"

Nikasema maji.

Akamwita mkewe, nikaletewa maji. Nikayanywa yote, nikaaga, akanisindikiza mpaka njiani kama mgeni wa heshima. Nilimwita bahili mtu huyu. Mimi ndiye niliyeshindwa kutoa neno moja.

Julai 28, Jumapili

Elikana ametoka hospitali, yuko kwetu. Anakunywa uji kwa mrija. Meno yaliyobaki yanaonekana akijaribu kutabasamu, na anajaribu kila nikipita.

Agosti 6, Jumanne

Oswald ametuma ujumbe kwenye grupu: kipe kimezibwa, injini imefanyiwa sevisi, kila mtu nafasi yake. "Vedasto kamba, kama kawaida." Watu wakaweka vidole gumba chini ya ujumbe. Mimi pia nimeweka.

Agosti 10, Jumamosi

Saini ya mwisho kabla ya kufunga kazi. Madam amekonda. Hakusema habari ya bahati safari hii. Alisoma mistari yangu taratibu, akasema, "Mzee Vedasto, miezi mitatu na mikono haijawahi kuuma hata siku moja?" Nikasema Mungu ni mwema. Akaniangalia, akatia saini. Kidole gumba kilikuwa pale pale.

Mchana nikatoa wavu nishone. Nikafumba macho, maana ziwani tunashona gizani. Nilipitisha sindano, nikatafuta jicho la wavu kwa kidole. Sikulipata. Nilipofumbua macho kidole kilikuwa kinatoka damu, sindano imepita na sikujua.

Agnesi alikuwa mlangoni. Sijui alisimama tangu lini. Akakaa mbele yangu, akachukua mikono yangu miwili akaigeuza huku na huku.

"Tangu lini?"

"Juni."

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," akasema. "Nilingoja useme mwenyewe. Vifungo nimevifunga miezi miwili nikingoja."

Nikamwambia yote. Nikatoa na uzi. Aliushika, akaulaza juu ya goti lake, akautazama. Elikana ni mtoto aliyemlea yeye, mama yao alipokufa. Aliinuka akaenda kumchujia mdogo wake uji.

Agosti 12, Jumatatu

Jana na leo Agnesi hajanifunga vifungo. Nimekwenda kazini shati likiwa na vifungo viwili. Hatuongei, na Elikana anatutazama.

Agosti 13, Jumanne

Nimemwambia Elikana. Nilikaa kitandani pake nikasema uzi haukukatika, fundo langu liliachia, vidole vyangu vilikuwa vimekufa na nilijua vimekufa kabla sijamwingiza tangini pamoja nami.

Waya umepunguzwa sasa, anasema kidogo, kwa meno yaliyofumbwa.

"Na pale ulipoacha shati langu?"

"Sikuliacha. Sikujua limetoka."

Akageukia ukuta. "Ego," akasema, yaani ndiyo kwa Kiha chetu. Nilikaa naye hata hivyo. Baadaye, bado anatazama ukuta, akasema, "Mzee Castory anajua?"

"Anajua nilifunga. La vidole halijui."

"Basi kesho useme," akasema.

Agosti 14, Jumatano

Nimekaa juu ya pipa nje ya ofisi ya Madam. Leo anakusanya madaftari yote. Tishari limeshuka majini asubuhi, linaelea. Huko chini mwaloni wanavisukuma vipe, nasikia watu wanaitikiana, na sauti ya Oswald naitambua kati yao. Kesho wanaingia ziwani. Kamba atapewa mtu mwingine, na baada ya leo kila mtu kuanzia hapa mpaka Kagunga atajua kwa nini. Naumia. Sijui mtu wa kamba asiye na kamba anaitwa nani.

Agnesi amenifunga vifungo vyote leo, hata cha shingoni ambacho huwa sikifungi.

Mbele nimeandika: "Agosti 14. Saa sifuri. Mikono si mizima. Haijawa mizima tangu Juni 3. Mistari yote ya katikati ni ya uongo. Kiungo cha Julai 12 nilifunga mimi Vedasto, vidole vikiwa na ganzi. Mzee Castory alikataa kutoa mpira, mimi ndiye niliyemshawishi. Arudishiwe funguo zake."

Madam, kama umefika huku nyuma, uzi huo uliobanwa kwenye kurasa za Julai ndio wenyewe. Utaona haujakatika. Na kuhusu kuikaba nyundo, ulisema kweli, ungeweza hata kunifokea. Wafundishe wanaokuja kwamba mvuvi atakuchekea ukimwambia alegeze, na usikubali kicheko chake.

Mlango unafunguka. Ameniona, ananijia, amenyoosha mkono. Safari hii sitaweka kidole gumba.